Mama Mukansanga, Aliyepeleka Sombe Ofisini kwa Shami

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu tulipokulaza makaburini Lackawanna, na nyumba ya hapa Buffalo bado haijazoea ukimya.

Miaka kumi na mmoja uliwatunza wazee wa Kimarekani huko Tonawanda. Uliwaogesha ukiwaimbia Kinyamulenge, nao wakakuitikia kwa Kiingereza. Kanisani uliwatangazia watu kwamba binti yako Shami ni avoka, wakili kabisa, kwa kuwa alikwambia anafanya kazi "ofisi ya haki". Hakuthubutu kukusahihisha.

Siku moja ukampelekea sufuria ya sombe, kisamvu chako, bila kumwarifu. Mapokezi ulimkuta Leya, binti wa kwetu Kongo, ukamwuliza, "Hapa munateteaka nani?" Akakueleza kwamba shirika lao linatetea haki za wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, jimbo zima la New York. Shami alipotoka alikukuta umekaa, Leya amesimama na sufuria yako mikononi.

"Donc, kumbe na weye uko vile?"

"Ndiyo, Mama."

"Na huyu?"

"Ni mwenzangu wa maisha, Mama."

Ukamtazama Leya mikono. "Bon. Umwambie aache kutetemeka, atamwaga sombe."

Wiki nzima ulilia jikoni ukisingizia vitunguu, hata siku ulipochemsha chai tu.

Mjomba Ngarambe, ndugu yako, mzee wa kanisa kule Louisville, akasikia, akapiga simu: uchague, mtoto au ndugu. Ulimjibu kwamba ndugu ana miaka hamsini na nne, anaweza kujipikia. Hakupiga tena. Ilikuuma. Tulikuona ukitafuta namba yake, kisha unakata kabla haijaita.

Shirika lilipopeleka basi Albany, makao makuu ya jimbo, kuomba sheria ya kuwahifadhi vijana wanaofukuzwa kwao, ulikuwa wa kwanza kupanda. Mheshimiwa mmoja, mbunge wa jimbo, aliwapa dakika kumi. Saba ulizimaliza ukimwuliza habari za mama yake. Kisha ukasema, Shami akitafsiri: "Huyu nilimubeba mugongoni tukikimbia vita. Sikumubeba mupaka hapa ili nimufukuze Buffalo." Mheshimiwa akavua miwani. Sheria haikupita. Ulirudi mara mbili zaidi, na kila mara ulianza na mama yake.

Kuja kukuzika, Ngarambe alimpitia mwanao Ruta huko Columbus, wakasafiri hadi hapa. Kanisani Ngarambe akakuta watu wa shirika wamejaa viti vya mbele. Akasita, kisha akakaa katikati yao. Baada ya mazishi alimwambia Shami, "Sijaelewa bado. Lakini mimi ni mujomba wako. Unipigie siku ya Mungu."

Shami anapiga kila Jumapili. Mwezi uliopita kifurushi kilifika kutoka Louisville: vitenge viwili vya aina moja, kimoja kimeandikwa Shami, kingine Leya.

Tunaokukumbuka: mwanao Ruta na watoto, Columbus, ndugu yako Ngarambe, Louisville, binti zako Shami na Leya, Buffalo.

Mama, hakuna siku utakayotutoka moyoni.