Mapaa Yasiyofuka Moshi

Jumatatu, 2 Juni

Mafiga ya mwisho yametoka leo. Ya shangazi Naomi, na nimeyatoa kwa mikono yangu. Nilimwachia mpaka mwisho kwa heshima, lakini halmashauri imechoka kuningoja. Kitongoji chetu ndicho cha majaribio: hakuna kuni, hakuna mkaa, kila nyumba jiko la umeme na kifaa kidogo ukutani cha kupima hewa. Mimi ndiye msimamizi. Wageni kutoka mkoani wanakuja wiki ijayo.

Shangazi hakubisha. Aliuliza tu, "Sasa asubuhi nani atajua kama nimeamka?" Huku kwetu ni hivyo tangu zamani. Ukiamka unatazama paa la jirani. Kama halifuki moshi, unapanda kumuulizia. Yeye anaishi peke yake pale juu, na magoti yamechoka. Nikamwambia ana simu. Simu yenyewe huwa kabatini, imezimwa, ili isichakae.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi ya kwanza bila moshi hata nyumba moja. Nilidhani nitafurahi. Ukungu umelala bondeni, mapaa yamenyamaza juu yake, kama watu wamehama. Majirani wametoka milangoni, wanatazama mapaa ya wenzao. Hakuna aliyesalimia mpaka nilipoanza mimi. Baridi kali. Sikuipenda hali ile.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada Mama Shekiondo, jirani anayetazamana na shangazi ng'ambo ya bonde, alinivuta pembeni. Anasema jiko la shangazi linafuka kila asubuhi.

Nilipanda kwa hasira. Nyumba ile haina hata ukuni mmoja. Mahali pa mafiga shangazi amepaka udongo mwekundu, laini, haujapasuka. Nikaweka kiganja. Baridi. Lakini harufu ya kuni mbichi za miti ya miwati ilikuwepo, nzito, mpaka kwenye kitenge chake. Kifaa cha ukutani kinasema hewa ni safi.

"Mimi siwashi, mwanangu," alisema. "Naamka nakuta pameshawashwa." Kisha akacheka, akanikatia parachichi. Nikala bila hamu. Mzee huyu ananichezea.

Jumatano, 11 Juni

Nimeuona mwenyewe, kutoka dirisha la ofisini. Mweupe, mwembamba, umesimama wima juu ya paa lake. Upepo ulikuwa unainamisha miti yote ya migrevilia. Moshi haukuyumba.

Bosi wangu wa halmashauri aliuona pia. Akasema keshokutwa asiuone tena.

Nilipanda tena jioni, nikamsema vibaya shangazi yangu. Nilimwambia anataka nifukuzwe kazi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitawaambia waache."

Sikuuliza akina nani. Niliogopa kuuliza.

Ijumaa, 13 Juni

Wageni wamekuja. Paa la shangazi safi. Mapaa yote safi. Wamepiga picha, wamepiga makofi. Nimevimba kichwa, sifichi.

Mama Shekiondo, aliyekuwa kwenye kamati ya chakula, alinifuata mbele yao. "Kwa Naomi hapafuki leo. Twende tukamuulizie."

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya, kutofuka. Wageni wakacheka. Yeye akaona haya, akarudi kupakua.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliwaambia hivyo nikiwaaga.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Shekiondo alipanda kulipokucha. Safari hii hakuniuliza.

Shangazi alikuwa sakafuni jikoni. Nyonga imevunjika. Ameshakata roho. Daktari anasema alianguka jana asubuhi na hakufa mara moja.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 25 Juni

Tumeshamzika. Watu wamerudi makwao.

Majaribio yanaendelea, wanataka kuyapeleka mji mzima. Sikupinga. Moshi uliwaharibia macho mama zetu, hilo ni kweli na bado nalisema. Lakini sasa kila asubuhi kabla ya kazi napita milango ya wazee wote wanaoishi peke yao. Hakuna aliyenituma. Nabisha, nasema onga maundo, salamu yetu ya asubuhi, siondoki mpaka nisikie sauti. Wengine wananifokea kwamba nimewaamsha. Nafurahi wakinifokea.

Mama Shekiondo haongei nami. Ana haki.

Kwa shangazi pia napita. Mlango una kufuli. Nasema shikamoo. Jana niliitikiwa, au nilidhani. Leo kimya. Nilisimama mpaka viatu vikalowa umande, kisha nikateremka kazini.