Kichwa cha Samaki kwenye Sheni

Mulamu,

Toka Kolwezi mpaka Kasaji hakuna mutu asiyejua pikipiki yangu. Kuku wa Mutshatsha wakisikia sauti yake wanatoka barabarani bila kufukuzwa. Bashefu wa vijiji wananiuliza mimi kama mvua itanyesha. Ulikuwa unacheka: "Mulamu, leo umeongeza chumvi!"

Dada yangu, mke wako, yuko kwangu. Nyumba yenu ya Kapata wameingia batu wengine, wameng'oa hata mlango wa jikoni. Mi nikipita kule natazama mbele tu.

Walipowafukuza ninyi batu wa Kasai, ukalala gare ya Kolwezi na homa, unangoja treni, dada alikuwa Kasaji kwenye kilio cha shangazi. Nikasema mbele ya batu wote: "Kesho jua halitatua kabla sijamfikisha hapa." Ukanishika mkono. Hukusema juu ya homa. Ulisema: "Angalia samaki."

Samaki, ndivyo ulivyokaita kale kachuma kanakofunga sheni, mnyororo wa pikipiki. Kichwa kinatangulia, mkia unafuata, kama mtoni. Ulinionyesha pale uani, ukarudia, na mi kila mara: "Nimeelewa, nimeelewa."

Kasaji nikaifungua sheni, nikaiosha mchanga kwa petroli, nikaipaka mafuta, nikaifunga. Dada akainama. "Ndugu, samaki wako anaenda kinyumenyume." Nikamwambia: "Mama, panda! Mi ninatengeneza pikipiki tangu wewe unacheza na mwanasesere wa majani."

Kabla ya Mutshatsha samaki akaruka. Sheni ikabaki nyuma yetu mchangani kama nyoka aliyekufa. Tulisukuma, mulamu. Alibeba viatu mkononi, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Gare tukakuta majivu ya mafiga na godoro moja limelowa. Treni ilikuwa imeenda. Kisha habari ikaturudia, kwamba wewe hukufika kwenu, ulibaki njiani, wakakuzika pembeni ya reli. Aliyekufunga macho hatumjui.

Batu nawaambia simba alitufungia barabara. Dada anaendelea kukoroga bukari, ugali wetu.

Pumzika, mulamu. Nakuahidi dada hatasukuma tena pikipiki kwa kichwa changu kigumu. Kila nikitaka kusafiri ninamwita, koleo mkononi: "Dada, kuja unishikie pensi kidogo." Anakuja, anainama, anamtazama samaki, anamgeuza, anarudi jikoni.

Maana mpaka leo, mulamu, mi sijajua kichwa chake ni upande gani.