Chupa Yenye Pilipili Nyekundu

Bonde la Pruitt,
West Virginia.
Jumapili, 8 Novemba 1970

Mdogo wangu mpendwa Lowell,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Joan na mtoto wenu Clyde. Natumai baridi ya Akron haijawatoa kamasi, na kile kiwanda chenu cha matairi kinakuachia walau nafasi ya kuvuta pumzi. Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu, ingawa neno hilo wazima nakuomba ulipokee polepole mpaka umalize kusoma. Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu simu iko ukutani jikoni, na Mama siku hizi hatoki jikoni.

Nianze na mipango ya Sikukuu ya Shukrani, maana najua tumbo lako ndilo linalosoma barua kabla ya macho. Bata mzinga tumempata kwa Bi Hester, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Ni dume nono, lina hasira kama shemasi aliyenyimwa kiti cha mbele. Mama anataka lijazwe mkate wa mahindi na vitunguu kama kawaida, na viazi vitamu viokwe kwa asali ya mtama. Pai za maboga nitazipika mimi. Mwambie Joan asiache kuleta ile jeli yake ya kijani yenye vipande vya karoti. Mama bado anasema chakula kisichotulia mezani hakiwezi kutulia tumboni, lakini mwaka jana nilimwona kwa macho yangu akiongeza mara ya pili.

Na maharage mabichi ya maganda ambayo Mama huyahifadhi chupani kila kiangazi, bila shaka. Mama anakungoja mlangoni na kijiko chake. Aliyetoka mbali zaidi ndiye aonjaye kwanza, kabla hajavua koti, maharage baridi kutoka chupani, ili aseme kama kiangazi kilikuwa chema. Tangu uhamie Akron ni wewe tu, na kila mwaka unafumba macho na kujifanya hakimu hadi Mama anakupiga na kitambaa cha vyombo.

Sasa nikueleze habari zake. Juzi aliniuliza kama Baba ameshanoa kisu cha kukatia bata mzinga. Nilimkumbusha taratibu kwamba Baba tulimzika, na huu ni mwaka wa tatu. Akanikazia macho, akasema, "Najua, Verna, kwani mimi mtoto? Mimi nimeuliza kisu." Kisha akaenda kabatini akamtolea Baba sahani. Sikumbishia. Nilimezea, kama nilivyokuwa nikimezea mambo mengi tangu majira ya kuchipua, nikijiambia ni uzee tu.

Lakini la kuku sikuweza kulimezea. Jumatatu iliyopita niliwakuta kuku wetu wamelala mbele ya banda, macho wazi, miguu haina nguvu, shingo zimelegea mchangani kama nguo iliyolowa. Jogoo alijaribu kuwika, kichwa kikamwangukia kifuani. Kufika jioni hakuna hata mmoja aliyekuwa hai. Bi Hester alikuja, akasimama mbali kidogo, hakutaka kusogea. Alisema labda ni mbweha. Mbweha gani, Lowell, asiyeacha hata tone la damu? Aliijua sababu, na alijua kwamba ninaijua, ila hakutaka kuwa wa kwanza kuitamka katika ua wa mama yetu.

Nawe unaijua. Tulipokuwa wadogo, tukikaa barazani tukivunjavunja maharage, Mama alitufundisha: ukiona kuku kalegea shingo, usimuulize kuku, iulize chupa. Halafu alikuwa akitusimulia tena habari za akina Stamper wa kule juu mlimani, waliofungua chupa ya maharage Jumapili, wakawatupia kuku kidogo na wenyewe wakala yaliyobaki. Kuku walitangulia kufa, wakafuata watoto, kisha wazazi. Ndiyo sababu, alituambia, maharage ya kuhifadhi hayachemshwi hivi hivi, maana moto wa kawaida hauzuii sumu isiyoonekana kuota chupani. Sharti chupa ziingie kwenye sufuria la presha, na mtu akae kando yake bila kuondoka mpaka wakati utimie. Mama huyo huyo, ambaye hakuturuhusu hata kwenda msalani sufuria likiwa jikoni!

Nilishuka stoo ya chini. Sufuria la presha lilikuwa kwenye pembe, limefunikwa na gunia, na buibui ameshaweka makazi ndani yake. Halikuguswa kiangazi chote. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka kushona kiwandani, naona rafu zinajaa chupa, nafurahi kwamba akili za Mama bado zimo. Nilipomuuliza, akasema lile sufuria linamzomea, ameliacha, kwa hiyo aliyachemsha kwenye sufuria la kawaida mpaka yakaona aibu, akafunga vifuniko. Nikamuuliza kama amefungua chupa yoyote. Akasema ndiyo, moja ilitoa povu, akawamwagia kuku, maana kuku hawana makuu.

Vifuniko vya chupa chache vilikuwa vimevimba. Zilizobaki, mdogo wangu, ndizo zilizonitisha zaidi. Maji yake yalikuwa maangavu, maharage yamenyooka, hayana harufu wala dalili. Ungekula ukaomba kuongezewa.

Nilimweleza Mama ukweli wote. Alilia, akavua aproni akaitupa juu ya meza, akaniuliza, "Miaka yote hii nawalisha, leo ndo nawaua?" Kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameshasahau, anaimba jikoni. Niliuonea wivu usahaulifu wake. Basi nikazitoa chupa zote, nikazifukia kwenye shimo moja na kuku, nikanunua maharage ya makopo dukani na kuyahamishia kwenye chupa nyingine safi. La kuvunda halina ubani, na mimi sikutaka kujaribu. Asubuhi Mama aliziangalia rafu kwa muda mrefu. Habari za kuku hazikumbuki hata kidogo. Anachokikumbuka ni kwamba stoo imeingiliwa na mwizi.

Na hapa ndipo kwenye neno lililonikalisha kuandika. Chupa yako, Lowell, ile ambayo Mama huitia pilipili nyekundu moja chini ili isichanganyike na za watu wengine, haikuwemo kati ya nilizozifukia. Nimepekua kila mahali, chini ya kitanda chake, ndani ya mashine ya kushonea, mpaka kwenye buti za Baba. Jana nilijifanya nina njaa, nikamwomba anionjeshe ile yenye pilipili, nikitumaini ataitoa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Umetoka mbali wewe? Umetoka chumbani! Hiyo ya Lowell, nimeificha mwizi asiione." Amekataa katakata kusema wapi. Mwizi ni mimi, na kwa kuziondoa zile nyingine ndimi niliyemfanya aifiche hiyo moja.

Nilifikiria kukuambia msije mwaka huu. Lakini kila asubuhi anauliza kama Alhamisi ya sikukuu imefika, na mara mbili amesema usipokuja atakutumia hiyo chupa kwa posta. Afadhali uje, niwe nimesimama kando yako. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Safari hii wenyeji na wageni tutaponea hapo mlangoni au hatutapona.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Atakuwa amesimama kizingitini, amevaa gauni lake la buluu, kijiko kimejaa, anakutazama mdomoni. Usimkemee wala usimweleze lolote, ataumia bure kisha atasahau. Usifungue kinywa hata kwa salamu. Mtangulie tu, mkumbatie kwa nguvu kuliko ulivyowahi kumkumbatia maishani, mpaka kijiko kimwagike, na mimi nitaichukua chupa mkononi mwake. Na Clyde asitoke mikononi mwa Joan hata kidogo, maana Mama ana vijiko viwili, na leo asubuhi nimemkuta akivisugua vyote.

Nisalimie Joan, nibusie Clyde. Bi Hester anawasalimu. Mama pia anakusalimu sana, yuko hapa nyuma yangu, anauliza ninamwandikia nani, na ameniambia nikwambie uje na njaa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Verna