Shikamoo Iliyoondoka na Pete

Tereza, nimechoka na huyu mwanaume! Damian kacheza karata tatu pale mtaa wa Drottninggatan, kaliwa mpaka pete ya ndoa. PETE YA NDOA!

Damian huyuhuyu anayewapa semina wageni wote wanaofikia kwetu Alby: msicheze kamari za barabarani, mtaibiwa.

Eti kuna dada kwenye umati kamwamkia, "Shikamoo baba, hata mimi nimeshinda, weka tu." Shikamoo! Katikati ya Stockholm! Akaitika marahaba, akavua pete, akaweka.

Kumbe dada ni mwenzao wale wachezesha karata. Polisi wanatokea, genge lote limeshayeyuka.

Namuuliza, ulimwaminije mtu usiyemjua? Ananitazama bila aibu: "Lakini mama Nora, aliniamkia."

Aliniamkia!! Basi amwoe, pete si huyo dada anayo tayari?