Mistari ya Alto Bado Tunaiacha Wazi

Mwalimu Magesa,

Shikamoo. Itikia ukipata nafasi. Ni mimi Shija, yule yule, besi wa Kamanga asiye na mpinzani kuanzia hapa fukweni mpaka Sengerema mjini. Usicheke. Ulisema mwenyewe siku ile una homa, na mashahidi ninao.

Naandika polepole, maana darasa la sita niliachana nalo kabla halijaniacha. Lakini nota nasoma kuliko wenye vyeti, na hiyo ni kazi yako.

Tangu tukuzike kanisa limepakwa rangi, bluu ya kung'aa kama ndoo. Kwaya tumebaki watatu: Mama Sabina na soprano yake ya kutetemeka, Mzee Kulwa kwenye sauti ya teno, na mimi. Wengine uliowafundisha unajua walikokwenda. Walivuka ziwa na feri mmoja mmoja, sasa wanaimba mjini ng'ambo. Kwenye msiba wako walikuja wawili, na mmoja aliondoka hata udongo hatujaweka, awahi feri.

Sasa niungame. Mwalimu wa kwaya moja kubwa ya Pasiansi, huko huko mjini, alinisikia pale makaburini, akaniita nikajaribiwe. Nilikwenda. Jumamosi, saa ile ile ya mazoezi yetu, bila kumwambia mtu. Mwalimu, wana kinanda, wana spika zinazokupiga mpaka kifuani, wanarekodi video na watu wanazitazama kwenye simu! Nikaimba. Wakapiga makofi. Wakanipima mabega hapo hapo kwa ajili ya sare. Nilirudi na feri ya jioni nimevimba kama chura wa masika.

Katikati ya maji nikakumbuka kwamba na wewe mjini walikuita. Ulikataa. Ulisema, "Aliyeniita aliniweka Kamanga." Nami kwa mdomo wangu huu nikakuambia, basi aliyekuita amekusahau. Ulicheka mpaka ukakohoa, ila siku hiyo chai yako hukuimaliza. Niliona. Nisamehe, Mwalimu.

Maana nilikuwa na haki ya kushangaa. Miaka yote ile, na kwenye mashindano ya jimbo sisi ni wa mwisho. Kuna Jumamosi tulikuwa wawili tu, mimi na wewe, na bado ukaandika sauti zote nne ubaoni. Nikakuuliza za nani hizi. "Za wimbo. Imba."

Na ile alto! Regina ameolewa Geita, kaenda zake, wewe ukakataa mtu asiguse nafasi yake. Pale alto inapoimba peke yake tulinyamaza tukihesabu mapigo, kanisa zima linatukodolea macho. Pasaka ile watoto wakaangua kicheko. Nikakunong'oneza, "Mwalimu, tunaimba au tumesahau?" Ukajibu bila kugeuka, "Alto yuko njiani." Mwaka wa tatu huo, Mwalimu! Anatoka Geita au anatoka Misri?

Basi nikashuka kwenye feri, nikapita kanisani. Nikamsikia Mama Sabina na Mzee Kulwa bado wanaimba ule wimbo wako wa mavuno. Mara kimya. Nikajua wamechoka, wanafunga. Nikachungulia. Wamesimama wima, macho ubaoni, Mzee Kulwa anahesabu kwa kidole pajani. Moja, mbili, tatu, nne.

Ilikuwa mistari ya besi. Walikuwa wananinyamazia mimi, kama mtu aliyetoka mara moja kunywa maji.

Mama Sabina hakuniuliza nimetoka wapi na shati langu jeupe la Jumapili. Alisema tu, "Shija, ingia baba, tunarudia."

Mimi silii, Mwalimu, muulize yeyote. Siku hiyo ni rangi mpya ya ukuta iliyonichoma macho.

Pale Pasiansi besi wako saba. Nikinyamaza mimi, nani atajua? Jumatatu nikampigia yule mwalimu wao, nikamwambia siji. Akasema, "Unajizika, kijana." Nikamjibu, "Kaka, sare mpe mwingine mwenye mabega kama yangu, ukimpata."

Usidhani sasa mambo yamenyooka. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze kufundisha mimi, na hajaongezeka hata mtu mmoja. Nilimleta kijana mmoja mpakua dagaa, akaja mara mbili, akasema nota zinamuumiza kichwa. Jumapili iliyopita tukiimba, mchungaji alikuwa anatafuta miwani yake. Kuna Jumamosi nakaa natazama yale mabenchi, nasema, Bwana, kweli ni hapa? Hajanijibu. Nachukua chaki, naandika nota.

Ndiyo nimeanza kukuelewa, mzee wangu. Nilidhani wewe ulikuwa unajibiwa.

Mashindano yanakaribia. Tutakwenda watatu na tutakuwa wa mwisho, hilo nakuhakikishia, labda kwaya nyingine ikose feri. Mzee Kulwa ameshaanza kupiga pasi suruali.

Pumzika, Mwalimu wangu. Kila Jumamosi saa tisa nitakuwa pale mbele, wakija wawili, asipokuja mtu. Tukikosea huku, usihangaike kuamka. Nitawarudisha mwanzo mwenyewe.

Wako,
Shija, besi