Baba, Nimekibonyeza Kiungo Chako

Baba yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko uliko. Sisi hapa Gede tu wazima, ila kuna jambo lako nimeliharibu, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Unakumbuka ulivyonilea? Muuza samaki akipunguza bei bila kuombwa, ulinivuta mkono tuondoke, ukisema huyu ana lake jambo. Mtu akibisha hodi, swali lako la kwanza lilikuwa katumwa na nani, hata kama ni jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mama alikucheka. Mimi niliona hiyo ndiyo akili, nikakua nayo.

Na ile miaka yako ya visima? Ulipostaafu ualimu ulizunguka kutoka Matsangoni mpaka Adu, ukiuliza kila kisima cha kale kilichimbwa na nani na jina lake lilitoka wapi. Jioni ulikuja dukani ninapofanya kazi ya fotokopi, ukakaa kwenye kompyuta ya pembeni na kuandika kwa vidole viwili mpaka nifunge duka. Nikichungulia, ulifunika kioo kwa kofia yako. "Usinisome kabla sijamaliza," ulisema. Ulipomaliza ukanionyesha tovuti yako, nami nikasema nitaisoma nikipata nafasi. Nafasi sikuipata, na ulipotutoka sikuwa na moyo wa kuifungua. Nilibaki na anwani yake tu, niliyoihifadhi kwa ghibu.

Mwaka huu nilijiunga na kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na yeyote mwenye nia. Nikakuta ukurasa wa Gede una mistari michache na kisima hata kimoja hakuna. Nikaapa kwamba jina la baba yangu litakaa pale. Asubuhi moja isiyo na wateja niliweka kiungo cha tovuti yako kwenye kurasa kumi na moja: Gede, Matsangoni, Adu, Malindi, na nyingine ambazo, nikwambie kweli, hazihusiani na visima hata chembe. Kufikia magharibi vyote vilikuwa vimeondolewa. Aliyeviondoa ni mtu anayejiita Kitunguu.

Nikavirudisha. Akaviondoa. Nikavirudisha tena, naye akaniachia ujumbe wa kunikaribisha, akaniomba nijieleze kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano. Mtu asiyenijua, aliyeficha jina lake, ananikaribisha kwa upole wote huo kwa nini? Nikaanza kumchunguza. Huandika baada ya alasiri. Anavijua vijiji vyetu. Hapendi visima vyako. Nani mwingine, Baba, kama si Mzee Athumani, mwalimu mwenzako, mliyekosana naye juu ya nani alichimba kile kisima cha Matsangoni mpaka ukaacha kunywa naye kahawa? Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.

Wiki hiyo hiyo nilikutana naye sokoni, nikampita bila shikamoo. Alisimama na mfuko wake wa nyanya akinitazama, nami sikugeuka. Nikaenda kuandika kwenye majadiliano, mbele ya watu wote, jina lake kamili, na kwamba anamwonea wivu marehemu baba yangu.

Kitunguu alilifuta jina hilo kwanza. Kisha akaandika: "Dada, hapa hatutaji watu, na mwenzetu tunamdhania mema mpaka atuonyeshe vingine. Baba yako simjui. Nakuomba kitu kimoja tu, kibonyeze kiungo chako mwenyewe."

Nilidhani ni mtego. Siku mbili nzima sikukigusa. Siku ya tatu nikakibonyeza, huku mteja amesimama nyuma yangu akisubiri nakala za kitambulisho. Baba, hapakuwa na visima. Palikuwa na kamari, mipira inarukaruka na maandishi ya kunihimiza nijaribu bahati. Yule mteja akaguna. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitundika kwenye kurasa za vijiji vyetu, tena nikigombana na anayekiondoa.

Hapo ndipo nikakumbuka. Laini yako ya simu ninayo mimi. Miezi michache baada ya mazishi ziliingia jumbe, moja baada ya nyingine, kwamba muda wa jina la tovuti unakwisha, bonyeza hapa ulipie. Nilizifuta zote. Nilijisifu hata kwa Mama, nikamwambia matapeli hawana haya, wanamwandama mtu mpaka kaburini. Jina likabaki bila mwenyewe, wenye kamari wakalichukua. Mimi ndiye niliyevifukia visima vyako, kwa akili ile ile uliyonifundisha. Nimekukasirikia kwa hilo, na nimejikasirikia zaidi.

Nilimwomba Kitunguu radhi. Hakunicheka. Alinieleza kwamba hata tovuti ingekuwa salama, mtu haiweki kazi ya baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Huomba kwenye majadiliano, wengine wakaitazama. Kisha akaenda kutafuta kwenye hifadhi ya mtandaoni inayotunza kurasa za zamani za tovuti, akapata ukurasa wako mmoja tu, wa kisima cha Matsangoni. Nikajiuliza kwa nini apate huo huo. Sitakuficha, mpaka leo simwamini sawasawa.

Niliuchapisha ukurasa huo, nikaenda nao kwa Mzee Athumani. Nilimpa shikamoo mlangoni, akaniitikia marahaba kana kwamba hakuna kilichotokea, nami nikamweleza yote nikitazama chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, simu yangu ni hii ya vitufe, hata picha haipigi," alisema. "Huko mtandaoni ningeingilia wapi?"

Nikamwomba msamaha, akanisamehe. Kisha nikamsomea, maana macho yake siku hizi hayaoni maandishi. Mstari wako wa mwisho unasema hivi: "Mwenzangu Athumani anashikilia kwamba kilichimbwa na watu wengine, si hao niliowataja. Nimerudi kuuliza mara mbili, na naona yeye ndiye aliyesema kweli."

Aliniomba nirudie, nikarudia. Akaichukua karatasi, akaileta karibu na uso ingawa hakuweza kuisoma.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza.

Swali hilo nakuletea wewe, Baba.

Mola akurehemu, na ulale pema.

Binti yako