Miguu ya Mzee wa Karatasi

Jumanne, 19 Januari 2016

Zamu imeisha. Miguu inawaka. Nimepitia tena kwa Mama Lin, tunayefunga naye maboksi ghalani. Anatengeneza mzee. Kichwa cha magazeti na gundi, ndevu za uzi, kifua cha nguo kuukuu. Ni kwa ajili ya ngoma ya kwao China: mzee kambeba mkewe mgongoni. Mchezaji ni mmoja tu. Mzee anafungwa mbele ya kiuno chako, miguu bandia ya mke inaning'inia ubavuni. Juu wewe ni mke, chini miguu yako ndiyo ya mzee. Goti la Mama Lin limegoma, kwa hiyo nacheza mimi. Mtaa wetu wote wa Whitehall utanicheka. Wacheke.

Jumapili, 31 Januari

Nimempigia Baba, anakoishi na Mama, Louisville. Nilipomweleza ngoma akafurahi kupita kiasi. "Iyo ni miye na mama yako," akasema.

Hadithi yake. Huisimulia kila harusi, kila kilio. Vita vilipofika milimani kwetu Mama alikuwa mjamzito, mguu umevimba, Baba akambeba mpaka ziwani. Mimba hiyo ndiyo mimi. Naipenda hadithi hii kuliko zote. Nitawachezea wao.

Jumamosi, 6 Februari

Sherehe ya mwaka mpya wa Wachina, ukumbi wa shule. Baba na Mama wamekuja na gari kutoka Louisville. Nilipotokea watu wakaangua kicheko. Baba akawa anawagusa waliokaa kando yake kwa kiwiko: yule ni mimi.

Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyangu tu.

Baadaye akanifuata chooni kunifungua kamba. Akauliza miguu iliyokuwa inatembea ni ya nani. Yangu, nikamjibu.

"Njo vile," akasema. "Baba yako alikuwa na homa, hakujua hata jina yake. Ni miye njo nilimubebaka. Weye mu tumbo, ye mu mugongo."

Nikakaa sakafuni, mzee wa karatasi bado kiunoni.

Jumapili, 7 Februari

Bado nimeduwaa. Baba si mwongo. Hajui. Alipopona kwenye kambi ya wakimbizi hakukumbuka chochote, na wanaume wenzake walikuwa wanauliza alifikaje. Mama akajibu: alinibeba. Baba akaamini. Mimi nikaamini. Miaka yote Mama anakaa, anasikiliza, anapiga makofi.

Nimemuuliza kwa nini. Akasema mume wake alikuwa amepoteza ng'ombe wote, asipoteze na heshima.

Ataambiwa na nani sasa? Mama kanikataza. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 17 Februari

Balaa. Mtoto wa shangazi anaoa Buffalo, na Baba ameahidi ukoo mzima kwamba nitacheza huku yeye akisimulia. Nilitafuta visingizio. Hakusikia hata kimoja.

Jumamosi, 27 Februari

Buffalo. Theluji mpaka magotini. Nimecheza. Baba na maikrofoni, shangazi zangu wanapiga vigelegele, mimi jasho na aibu. Nilitaka kupiga kelele. Mama akanitazama, nikafunga mdomo.

Halafu kwenye maegesho. Baba akateleza kwenye barafu, akaanguka vibaya. Nikakimbia. Mama alikuwa ameshafika. Hakumwinua kwa mikono. Alimgeuzia mgongo, akachuchumaa, akavuta mikono yake juu ya mabega, akasimama naye. Mara moja. Bila kutafuta pa kushika.

 Baba alikuwa mzima, ila hakushuka. Alibaki pale, shavu kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.



Jumanne, 1 Machi

Kazini kama kawaida. Mzee nimemrudisha kwa Mama Lin, ndevu zimelegea kidogo.

Mama amepiga simu.  Jana kwenye chai Baba akamuuliza yeye mwenyewe alikuwa mzito kiasi gani, siku ile ya kwenda ziwani.

Mama akamjibu, "Ulikuwa mwepesi. Mutoto njo alikuwa muzito."